Mwalimu Enesi na Chilimba cha Kitwe

Mwaka 1989, Boazi Nzowa aliporudi kijijini Hasamba baada ya miaka kumi ya kazi mgodini Kitwe, Zambia, mke wake Enesi alikuwa ameshaipima nyumba kwa kamba na kujua idadi ya bati zinazotakiwa. Alikuwa amemwandikia mumewe barua mbili kumweleza hivyo. Katika ile ya pili alimchorea hata upande ambao mvua ilikuwa inapenya kwenye nyasi na kudondokea kitanda cha mtoto wao, Lusungu. Kwa hiyo gari lililomtoa Boazi mpakani Tunduma liliposimama barabarani, Enesi alitoka na mikono yake ya unga, akamsalimu mumewe, kisha akainua macho kuangalia juu ya keria.

Hapakuwa na bati hata moja. Palikuwa na mizigo minne iliyoviringishwa kwa mablanketi na kufungwa kamba kama wagonjwa.

"Chilimba hicho," Boazi alisema, kwa neno la Kibemba alilokuwa amelizoea huko. "Amplifaya, na mashine ya kupigia santuri, na spika mbili. Kitu cha Japani hiki, Mama Lusungu."

Enesi aliuliza swali moja tu. "Na umeme?"

"Utakuja."

Ulikuja baada ya miaka ishirini na miwili.

Katika miaka hiyo Enesi alifundisha sayansi katika shule ya msingi, akazaa watoto wengine wawili, akapalilia mibuni. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori kugombea kahawa, alipata bei nzuri misimu miwili mfululizo, akaongezea na mshahara wake, akaezeka nyumba. Boazi ndiye aliyepanda juu kupigilia misumari. Siku nzima kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Chilimba kilikaa pembeni mwa sebule kimefunikwa kitambaa. Mara mbili wafanyabiashara wa Tunduma walikuja kukitaka na fedha mkononi, na mara mbili Boazi akakataa. Mara ya pili ilikuwa mwaka ambao bei ya kahawa iliporomoka na Lusungu akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Enesi alimsihi mumewe mpaka machozi yakamtoka. Boazi alikwenda zizini, akamfungua ng'ombe wao wa maziwa, akampeleka mnadani. Tangu siku ile Enesi hakukitaja tena kile chombo. Alifagia kukizunguka, basi.

Nguzo za umeme zilifika Hasamba mwaka 2011. Jumapili ya kwanza baada ya nyumba yao kuunganishwa, Boazi alivaa shati la kanisani, akafunua kile kitambaa, akapangusa vumbi, akaunganisha nyaya za spika. Majirani wawili watatu walikuwa wamekuja kusikiliza. Alichomeka plagi, akabonyeza swichi, na taa ndogo ya kijani ikawaka.

Kwanza ulitoka mvumo, mzito, kama lori lililosimama nje na injini haijazimwa. Boazi akaweka sindano juu ya santuri. Spika ya kulia ikatoa sauti ya mtu anayeimba ndani ya pipa, ya kushoto ikakwaruza mara mbili na kunyamaza. Halafu ikaja harufu ya kuungua, kitu kikalia taki ndani ya lile boksi, na taa ya kijani ikazimika.

Majirani waliaga kwa adabu. Boazi alirudisha kitambaa juu ya chombo, akakinyoosha kingo zake zote nne polepole, kama mtu anayefunika uso wa marehemu. Kisha akatoka kwenda shambani na shati lake la kanisani.

Enesi alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka mingi. Alikuwa na maneno yake tayari, yamepangwa. Lakini alipomwona mumewe anavuka uwanja na mgongo uliopinda, maneno yote yalimkauka. Alikaa kwenye kiti akakitazama kile kitambaa, na kitu kingine kikaanza kumwasha, cha kiualimu hasa. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amechora ubaoni sakiti za mfululizo na za sambamba, betri na globu, mishale ya mkondo wa umeme. Wanafunzi walinakili na kufaulu. Yeye mwenyewe hakuwahi kufungua kitu chochote cha umeme akaona kilivyo ndani.

Jumamosi iliyofuata aliifungasha ile amplifaya kwenye kiroba, akapanda gari la Tunduma.

Fundi aliyeelekezwa kwake aliitwa Hamis, mtu wa Kigoma, mwenye kibanda nyuma ya stendi kilichojaa simu, redio na matumbo ya televisheni. Wateja wake nusu walikuwa Wazambia kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa akiwajibu kwa Kibemba bila kuinua macho. Alifungua mfuniko wa amplifaya, akachungulia ndani. Halafu akaita kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sogea uone."

Enesi akasogea.

"Transfoma kama hii siku hizi hupati. Angalia ukubwa wake. Hizi mpya zinazouzwa hapa nje zina transfoma kama ndizi mbivu." Alionyesha mikebe miwili myeusi, mikubwa kama chupa za dawa. "Hizi ni kapasita za umeme mkuu. Kazi yake kuutuliza umeme usivume. Zimekauka. Na upande wa kushoto transista mbili zimekufa. Hayo ndiyo matatizo makubwa. Mengine ni uchafu na uzee."

"Yanatengenezeka?"

"Yanatengenezeka. Lakini nikuambie ukweli, mwalimu wangu, itanichukua siku nne, na siku nne zangu utazilipa. Kwa fedha hiyo unaondoka na sabufa mpya ndani ya boksi lake."

Enesi alifikiri kidogo. "Na kama ukinionyesha, nikafanya mwenyewe?"

Hamis alimtazama yule mama wa miaka arobaini na minane, sketi ya mshono wa kazini na kalamu mbili za rangi mfukoni. Labda alitaka kucheka. Lakini Enesi alikuwa ameshafungua daftari la mistari, anachora sehemu moja baada ya nyingine, kila waya na rangi yake, kabla hajaambiwa.

"Kaa hapo," Hamis alisema, akamsukumia kigoda.

Alasiri ile alimfundisha mambo matatu. La kwanza, kulehemu: kupasha moto mahali pa kiungo na siyo ule waya wa risasi wa kulehemia, mpaka risasi iyeyuke na kutulia, inang'aa. Enesi aliharibu viungo kumi kwenye ubao wa redio mbovu, cha kumi na moja kikakubali. La pili, kupima kwa mita. La tatu, na Hamis alilirudia mara mbili, ni globu. Alimtengenezea waya wa plagi uliopitia kwenye globu ya wati mia moja kabla ya kufika kwenye chombo.

"Kila ukigusa kitu ndani, washa kwa kupitia globu hii kwanza. Globu ikiwaka kidogo ikafifia, uko salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kosa, na globu imekula ule umeme badala ya chombo chako."

"Sakiti ya mfululizo," Enesi alisema.

"Mimi siijui kwa jina hilo. Mimi naijua kwa kuunguza vitu."

Kapasita mpya za ukubwa ule zilikuwa adimu na ghali. Enesi ndiye aliyeuliza kama ndogo tatu zikiwekwa sambamba hazitajumlisha nguvu zikawa sawa na kubwa moja. Hamis alikuna kichwa akasema zitajumlisha, tena zitafanya vizuri zaidi. Akachakura kwenye boksi la mabaki, akampa sita alizozinyofoa kwenye amplifaya ya baa iliyoungua mwaka uliotangulia, na transista mbili kutoka humohumo. "Za dukani nyingi ni bandia," alisema. "Hizi zimeshafanya kazi ngumu, nazijua tabia." Enesi aliporudi tena wiki mbili baadaye alimpelekea kahawa ya kukaanga, na hesabu yao ikaishia hapo.

Nyumbani alifanya kazi mezani, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, dirisha likiwa wazi moshi wa risasi utoke. Alisafisha vizungusho vya sauti kwa spiriti ya hospitali na unyoya wa kuku. Spika zilikuwa na shida yake: ule ukingo wa sponji unaoshika karatasi ya spika ulikuwa umeoza na kupukutika kama mkate mkavu. Akakata kitambaa cha mwavuli mbovu kwa umbo la mduara, akakibandika pande zote kwa gundi aliyoilainisha kwa maji, akaacha ikauke siku mbili. Boazi alikuwa akipita mlangoni, anatazama, anakwenda zake. Hakumzuia, lakini hakukaa.

Wiki ya tatu kapasita zote sita na transista mbili zilikuwa mahali pake. Enesi alilinganisha na mchoro wake, akaridhika. Globu ya Hamis ilikuwa inaning'inia kwenye msumari ukutani, hatua mbili tu kutoka alipokaa. Hakuinuka kuichukua. Alikuwa na hamu, na kazi yake aliiona ni safi mno. Alichomeka plagi moja kwa moja ukutani.

Kapasita moja ililipuka. Mlio wake ulikuwa wa baruti, na sebule ikajaa moshi na vipande vya karatasi vilivyoshuka taratibu kama pamba. Boazi aliingia mbio na jembe mkononi. Alimkuta mkewe amesimama ukutani, mzima, plagi ameshaichomoa, nywele zimejaa karatasi.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi, Mama Lusungu. Inatosha."

Hofu ya Enesi ikageuka hasira. "Ndiyo, inatosha. Kesho nakitupa hiki kitu. Kilikula paa letu, kikala ng'ombe wangu, sasa kinataka na macho yangu. Niambie basi leo, maana sijawahi kukuuliza vizuri. Kina nini?"

Boazi alilaza jembe chini. Akavuta kiti, akakaa.

"Nusu yake si yangu," alisema.

Akamweleza. Kitwe alikuwa na rafiki, Amoni, kijana wa Ivuna, aliyeondoka kwao kwenye kazi ya chumvi kwenda kutafuta maisha mgodini. Vyumba vyao vilipakana. Bosi mmoja mgeni alipokuwa anarudi kwao, wao wawili walinunua vyombo vyake kwa fedha walizokuwa wamechanga kila mwezi, miaka miwili mizima. Waliapa watavileta nyumbani. Mwaka 1988 mwamba ulimwangukia Amoni chini ya ardhi. Ndugu zake waliokuwa Kitwe walitaka chombo kiuzwe wagawane.

"Nikawalipa nusu yake," Boazi alisema, "ili kisiuzwe. Nililipa kwa zile fedha za bati. Barua yako ya pili ilikuwa mfukoni mwangu siku hiyo, na ule mchoro wa kitanda cha mtoto. Nikalipa hivyohivyo. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia hivi ulivyoniambia."

"Ningekuambia nimenunua nusu ya marehemu kwa kitanda cha mwanao?"

 Enesi aliokota vipande vya karatasi kichwani mwake kimoja kimoja, akiviweka mezani. Hasira haikuondoka yote, kwa kuwa kitanda kile aliwahi kukisogeza usiku baada ya usiku kukiepusha na mvua, na jambo hilo halifutwi kwa maelezo. Lakini kwa mara ya kwanza alijua ni kitu gani hasa alichokuwa amekasirikia. Alikuwa amedhani mumewe alipenda boksi kuliko nyumba yake.

Alilifungua daftari. Alitazama mchoro, akatazama chombo, akaugeuza mchoro. Pale pale akaona kosa. Wakati wa kufunga kapasita ile ya mwisho alikuwa amelizungusha boksi ili apate mwanga wa dirisha, na mchoro hakuuzungusha. Upande wa hasi ulikuwa umeingia kwenye chanya. Kwa wanafunzi wake angeandika kwa wino mwekundu: soma swali vizuri.

"Kesho usikitupe," Boazi alisema.

"Kesho ni Jumapili. Nitakwenda Tunduma Jumamosi ijayo kutafuta kapasita moja. Na wewe utakwenda nami ukambebee Hamis kahawa."

Walikwenda wote. Hamis alisikiliza kisa chote, akauliza tu, "Na globu?" Enesi akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Hamis akampa kapasita, akamwongezea feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, ya kupooza zile transista, na jozi ya matundu mapya ya kuchomekea waya, jekundu na jeupe, ili badala ya soketi ya zamani chombo kiweze kupokea redio au simu.

Safari hii Boazi alikaa mezani. Alishika tochi, akashika waya ulipotakiwa kushikwa, akasoma kwa sauti mchoro wa daftari huku Enesi akigusa kila mahali kwa ncha ya bisibisi. Walipofika mwisho wakarudia kutoka mwanzo. Kisha Enesi akaishusha globu ukutani.

Globu iliwaka, nyekundu ya kahawia, ikafifia, ikazimika karibu yote. Taa ya kijani ya chilimba ikawaka na kubaki inawaka. Enesi akapima kwa mita mara tatu. Akakizima chombo, akasubiri, akachomeka ukutani. Mvumo haukuwepo. Boazi aliinama mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika, akainua uso. "Kimekufa tena?"

"Hakijafa. Kimenyamaza. Weka santuri."

Alichagua moja ya zamani, yenye alama ya kikombe cha chai kwenye jalada. Sindano ikakwaruza kidogo, halafu muziki ukaingia sebuleni. Enesi hakuwa mtu wa muziki sana, lakini alisikia besi ikipita kwenye mbao za meza mpaka viganjani mwake, na sauti ya mwimbaji ikiwa mbele yao, kama mtu aliyevuta kiti. Alitazama feni inavyozunguka, akaweka kidole kwenye bati la kupoozea. Vuguvugu tu.

Ndipo alipomwona Boazi. Alikuwa amesimama katikati ya spika mbili, anageuza kichwa kushoto, kulia, kushoto.

"Kuna magitaa mawili," alisema.

"Ndiyo. Hili la huku na lile la kule."

"Mama Lusungu, sijawahi kulisikia hili la kushoto."

Akaketi chini, sakafuni, mzee wa miaka hamsini na sita. Akamweleza kwamba Kitwe walikuwa wametoboa ukuta wakapitisha waya, kila mmoja akawa na spika moja chumbani kwake: ya kulia kwa Boazi, ya kushoto kwa Amoni. Kila asubuhi wakienda kazini Amoni alikuwa akipiga mluzi wimbo huu, na Boazi akimwambia anaukosea, hauendi hivyo. Waliubishania mpaka watu wakawazoea. "Hakuwa anaukosea," Boazi alisema. "Alikuwa anapiga la kwake." Alifuata gitaa la kushoto kwa mluzi mwembamba, akakosea, akaanza tena, na uso wake ulikuwa umelowa lakini anacheka.

Mwezi uliofuata Boazi alishuka mpaka Ivuna kumtafuta dada yake Amoni, Getruda. Alimpata, mama mtu mzima mwenye biashara ya chumvi, akamleta Hasamba akakaa siku tatu. Alisikiliza santuri zote. Boazi alipomwambia kwamba achukue chombo akitaka, Getruda alisema kwao bado hakuna umeme, na kwamba Boazi alishalipa mara moja, haifai kulipa mara mbili. Aliwaachia kiroba cha chumvi.

Shuleni, Enesi aliacha kuchora globu ubaoni. Alianza kuleta redio mbovu darasani, akazifungua mbele ya wanafunzi na kuwaonyesha mahali umeme unapoingia na mahali unapokwama. Mwaka wa kwanza alitengeneza redio za walimu wenzake bure. Mwaka wa pili wakaja watu wa kijiji cha pili. Amplifaya ya kanisa ilipoanza kuvuma aliletewa yeye, akaifungua mbele ya mchungaji na wazee wawili wa kanisa waliokuwa hawaamini macho yao, na kuirudisha Ijumaa ikiwa kimya kabisa. Kila alichokifungua kilichorwa kwanza katika daftari, na kila alichokifunga kilipitia kwenye globu.

Alipokaribia kustaafu, mwaka 2018, wenzake walimuuliza atafanya nini na siku zake. Alikuwa ameshaagiza meza kwa seremala, ndefu, yenye droo kumi na mbili za vifaa vidogo, na Hamis alikuwa amemwahidi mita mpya kwa bei ya rafiki. Boazi alilalamika kwamba meza ile ikiingia sebuleni hapatabaki mahali pa kulia chakula.

"Tutakula barazani," Enesi alisema, akaendelea kuandika majina ya droo.